Kasha Lililofungwa Bado Linabebeka

Nchini Marekani, mtu mwenye bastola ya halali anaweza kusafiri nayo kwa ndege ya kawaida ya abiria. Masharti si mengi na yameandikwa wazi. Silaha isiwe na risasi ndani, ilale kwenye kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, kasha lisafiri na mizigo ya tumboni mwa ndege, na mwenyewe aitaje kwa mhudumu wa kaunta kabla ya kukabidhi begi. Mhudumu humpa kadi atie saini kwamba silaha haina risasi, kadi inaingia begini, begi linaingia kwenye mkanda. Kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa, ambako raia mwenye leseni ya bastola ni mtu wa kuhesabika, utaratibu huu unaweza kusikika kama utani. Kule ni jambo la kila siku: wapo wawindaji, wanamichezo wa kulenga shabaha, askari walio likizo, na watu wa kawaida wanaohamia jimbo jingine. Wapo pia wasiojisumbua hata na hayo masharti machache. Mwaka 2024 wakaguzi wa TSA, idara ya serikali inayosimamia usalama wa usafiri, walikamata silaha 6,678 kwenye vituo vya kukagua abiria, na takribani 94 kati ya kila 100 zilikuwa na risasi ndani.

Hao tuwaachie polisi. Anayenishughulisha hapa ni yule mtiifu, aliyenunua kasha dogo la chuma lenye ukubwa wa kamusi, akalipiga kufuli na kulilaza katikati ya mashati ndani ya begi la magurudumu. Sheria imeridhika, mhudumu ameridhika, na mwenyewe analala usingizi ndani ya ndege. Lakini kasha lile lina uzito wa kilo mbili tatu na linaenea chini ya jaketi. Mwizi hana haja ya kulifungua palepale. Atalichukua kama lilivyo, akalivunje kwake usiku, akiwa na nyundo, tindo na muda wote anaoutaka. Kufuli limezuia kasha lisifunguliwe. Halikuzuia lisichukuliwe, na uwanja wa ndege ni mahali pa kuchukua kuliko kufungua. Ndiyo maana nashikilia kwamba kasha dogo la silaha ambalo halikufungwa kwenye begi lenyewe kwa kebo ya chuma limelindwa nusu tu, hata kama karatasi zote ziko sawa.

Anza na lile begi la nje. Mabegi mengi ya safari yana zipu ya nailoni, ile ambayo meno yake ni uzi mgumu uliojiviringa. Chukua kalamu ya kawaida ya wino, bonyeza ncha yake katikati ya meno kwa nguvu kidogo, na zipu inaachia. Vuta kalamu kando, begi linapasuka kama samaki anayetolewa matumbo, huku kufuli likiwa bado linaning'inia kwenye vishikio vya zipu, limefungwa vizuri kabisa. Mwizi akimaliza kupekua, anavishika vile vile vishikio vilivyofungwa pamoja, anavipitisha kwenda na kurudi juu ya meno yaliyoachia, na zipu inajifunga upya. Mwenye begi atalipokea mwisho wa safari na kulivuta mpaka hotelini akiamini kwamba hakuna aliyeligusa.

Kufuli la begi nalo lina kisa chake. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Bunge la Marekani liliunda TSA na kuagiza mizigo yote inayoingia ndegeni ikaguliwe. Ili wakaguzi wasilazimike kukata makufuli ya watu, mwaka 2003 yakaingia sokoni makufuli maalumu ambayo wao wana funguo zake. Ni ufunguo malaya wa serikali, kwa Kiswahili chetu cha mtaani, na ulitakiwa ubaki siri. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post likachapisha picha ya funguo hizo. Mwaka uliofuata watu wakaishtukia picha ile, wakachora funguo kwa kompyuta, michoro ikasambaa kwenye intaneti, na yeyote mwenye printa ya kuchapa vitu vya plastiki akaweza kujitengenezea seti yake nyumbani. Makufuli hayo yanauzwa hadi leo, na kwa begi la nguo hayana ubaya, kwa kuwa angalau yanazuia zipu isijifungue njiani. Kwa kasha la silaha hayafai. TSA yenyewe hukubali kufuli la aina yoyote kwenye kasha, lakini kanuni ya shirikisho inayohusu silaha viwanjani, nambari 1540.111, inataka ufunguo au namba ya siri vibaki kwa abiria peke yake. Sioni jinsi kufuli ambalo ufunguo wake umeshatoka gazetini linavyoweza kuyatimiza maneno hayo.

Nguvu ya kanuni hiyo waliigundua zamani watu wasio na shughuli yoyote na bunduki, yaani wapiga picha. Mtu anasafiri na kamera na lenzi za maelfu ya dola, na anajua kwamba begi lake linaweza kufunguliwa na mkaguzi wakati wowote. Sasa, kwa taratibu za Marekani, hata bastola ya kuanzishia mbio riadhani, isiyotoa risasi, huhesabiwa kuwa silaha ya kutajwa kaunta. Basi baadhi yao hununua bastola ya namna hiyo, wakaitia kwenye kasha moja na lenzi, wakaitaja, na hapo hapo kasha zima likapata haki ya kufungwa kwa kufuli ambalo mkaguzi hana ufunguo wake. Bruce Schneier, mtaalamu wa mambo ya usalama, alishaandika juu ya ujanja huo mwaka 2006. Ni ujanja wa kuchekesha, bastola ikiajiriwa kulinda kamera. Ila angalia kilichomo ndani yake: kasha la mpiga picha ni kubwa na zito, na hakuna atakayelificha kwapani. Ukubwa na kufuli vinafanya kazi bega kwa bega. Mwenye bastola moja kwenye kasha la saizi ya kamusi amechukua kufuli, akauacha ukubwa.

Nani basi wa kuogopwa? Abiria huogopa mtu wa nje, kibaka wa kwenye foleni. Lakini begi likishaondoka kaunta, wanaoligusa ni watu wa ndani, wenye vitambulisho vya kazi shingoni, na wahenga walishatuambia kikulacho ki nguoni mwako. Wengi wao ni wachapakazi waaminifu wanaobeba mizigo ya wenzao kwenye jua na theluji kwa mshahara mdogo, na si haki kuwapaka wote matope. Hata hivyo wizi upo. Mwaka 2015 televisheni ya CNN ilionyesha picha za kamera zilizofichwa na polisi katika uwanja wa Miami, wapakiaji wakipekua mabegi ya abiria. Ukifikiria jinsi kazi inavyofanyika huwezi kushangaa. Katika ndege nyembamba, zile zenye njia moja katikati ya viti, mabegi hupangwa kwa mkono mojamoja. Mpakiaji anaingia tumboni mwa ndege, anapiga magoti chini ya dari fupi, na kwa dakika kadhaa anabaki humo na mabegi, mbali na macho ya msimamizi. Kalamu iko mfukoni. Anachokosa ni muda, kwa sababu ndege ina ratiba, na anachokosa zaidi ni mahali pa kuficha kitu kikubwa anapotoka.

Sheria ya Marekani inaonekana kulielewa hili kwa upande mmoja. Inakataza shirika la usafirishaji kumlazimisha abiria abandike nje ya mzigo wake alama yoyote inayosema ndani mna silaha, na ndiyo sababu ile kadi yenye saini huwekwa ndani. Watunga sheria waliona kwamba kuutangaza mzigo ni kumwita mwizi. Lakini mwizi wa begini hahitaji tangazo. Akishafungua zipu na mkono wake ukagusa kasha la chuma lenye kufuli zito kati ya soksi na mashati, ameshajua kilichomo ndani kina thamani. Kufuli lililo peke yake limemwelekeza kitu cha kuchukua, na kadi ya tamko iliyo pembeni imemmalizia maelezo.

Hapo ndipo kebo inapoingia, na ni kitu rahisi kuliko inavyodhaniwa. Makasha mengi madogo ya bastola huuzwa pamoja na kebo ya chuma iliyosokotwa na kuvikwa plastiki, ncha moja ikiwa na kitanzi, ncha ya pili ikiwa na kifundo kinachoingia kwenye tundu la ukingo wa kasha. Ukifunga mfuniko, kifundo kinabanwa ndani na hakitoki mpaka kasha lifunguliwe. Swali ni kitanzi kifungwe wapi. Wengi hukizungusha kwenye kishikio cha kitambaa cha begi, ambacho wembe unakikata mara moja, na wakadhani wamemaliza. Mahali pake ni kwenye uti wa mgongo wa begi. Begi la magurudumu lina mabomba mawili ya mpini ule unaovutwa juu, na mabomba hayo hushuka mpaka chini kwenye magurudumu. Fungua zipu ndogo ya bitana ndani ya begi utayakuta, yamefichwa na kitambaa chepesi. Pitisha kebo nyuma ya mabomba yote mawili, ichomoe kupitia kitanzi chake, ivute ikaze, kisha ingiza kifundo kwenye kasha na ufunge. Kebo iwe fupi kiasi kwamba kasha haliwezi kunyanyuliwa hata kufika usawa wa mdomo wa begi. Kuanzia hapo anayetaka kasha lazima achukue begi zima, na mpakiaji hawezi kutoka tumboni mwa ndege akiwa na begi zima chini ya jaketi. Kama begi ni la kitambaa kitupu, mfuko mrefu usio na mifupa, kebo haina cha kushika; badilisha begi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kulikaza kasha kwa bolti kwenye ganda gumu la sanduku, nati na washa zikibaki ndani ya kasha ili bisibisi isizifikie kutoka nje. Ni kazi safi, ingawa begi hilo halitakuwa tena na matumizi mengine.

Kasha lenyewe lazima listahili hiyo kebo. Kuna makasha ya plastiki laini ambayo ukiyapiga kufuli kona moja, kona ya pili inainuka na vidole vinapita. Kanuni inasema wazi kwamba kasha linalofikika ndani kirahisi halikubaliki hata likiwa na kufuli, na mhudumu makini atakurudisha nyumbani. Kama kasha lina matundu mawili ya kufuli, tia makufuli mawili. Kufuli liwe na shingo nene inayojaa tundu, kwa sababu shingo nyembamba huacha nafasi, na nafasi ni mahali pa kupenyeza bisibisi na kukamua.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kebo nyembamba hukatwa kwa mkasi wa chuma kwa sekunde chache. Ni kweli, na hakuna muuzaji mwaminifu atakayekataa. Lakini aliye kazini kwenye mizigo hazunguki na mkasi wa chuma wenye mikono mirefu kama mguu wa meza. Ana kalamu, pengine na kisu kidogo. Wizi wa aina hii ni wa nafasi iliyojitokeza, haupangwi wiki nzima kwa ajili ya begi moja. Mtu aliyekusudia na kujiandaa atakata kebo, atavunja kasha, atakata hata mlango wa chuma wa duka. Ulinzi wa begi unapimwa kwa yule mwingine, mwenye sekunde arobaini na mikono mitupu, na kwake kebo na mnyororo wa nanga ni kitu kimoja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: je, hatukumfundisha mwizi achukue begi zima? Tumboni mwa ndege, hapana. Kwenye mkanda wa kupokelea mizigo, ndiyo, hatari hiyo ipo. Katika viwanja vingi vya Marekani sehemu ya kupokelea mizigo ya safari za ndani iko upande wa wazi, mtu anaingia kutoka barabarani bila kuulizwa, ananyanyua begi na kwenda zake. Kebo haina la kufanya hapo. Kinachosaidia ni miguu ya mwenyewe kufika mapema kwenye mkanda. Kifaa kidogo cha kufuatilia mahali begi lilipo kinaweza kutupwa ndani, nacho ni kizuri, ila kinakueleza begi limekwenda wapi, hakilizuii lisiende. Baadhi ya mashirika ya ndege yamejifunza kwa uchungu. Tarehe 6 Januari 2017, katika uwanja wa Fort Lauderdale huko Florida, abiria alipokea begi lake lenye bastola aliyoitaja kihalali, akaingia chooni, akajaza risasi, akatoka na kuua watu watano hapo hapo kwenye mikanda ya mizigo. Kisa kile hakikuwa cha wizi, lakini tangu wakati huo baadhi ya mashirika huyaondoa mabegi yenye silaha kwenye mkanda na kuyakabidhi ofisini kwa mwenye kitambulisho. Hatua iliyolenga jambo jingine kabisa imeziba pia tundu la mwizi wa mkandani. Uliza shirika lako mapema kama lina utaratibu huo.

Wengine watasema hizi ni mbwembwe za watu wanaopenda bunduki zao kupita kiasi, na kwamba silaha zinazoibwa viwanjani ni tone baharini. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha zaidi ya silaha 1,000,000 ziliripotiwa kuibwa kati ya mwaka 2017 na 2021, karibu zote kutoka kwa watu binafsi, na nakubali kwamba njia kuu ni nyumba na magari. Ila silaha iliyoibwa kwenye mizigo ina ubaya wake wa pekee. Uwanja wa ndege umewekewa mashine, mbwa, askari na foleni za ukaguzi ili silaha isivuke kwenda upande wa ndege. Kasha la abiria ndiyo njia halali ya silaha kuvuka ukuta huo. Likichomolewa begini, bastola inakuwa mikononi mwa mhalifu ambaye tayari yuko ndani ya ukuta, hatua chache kutoka kwenye ndege, na hakuna mashine iliyobaki mbele yake. Kwa hiyo kebo ya bei ndogo ndani ya begi la mtu binafsi ni sehemu ya ulinzi wa watu wote wanaopanda ndege siku hiyo, wakiwemo wale wasiopenda kabisa kwamba bastola ile imepakiwa. Fidia nayo haisaidii sana. Katika safari za kimataifa Mkataba wa Montreal umeweka kikomo cha malipo ya mzigo, ambacho tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Unaweza kulipwa thamani ya chuma, na chuma chenyewe kikabaki mtaani kikiwa na namba ya usajili inayoishia kwenye jina lako.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili linatugusa kwa mlango mmoja hasa, nao ni uwindaji wa kitalii. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu, na wawindaji kutoka Marekani na Ulaya hushuka Dar es Salaam na Kilimanjaro na bunduki zao, wakiwa na vibali vya kuziingiza kwa muda. Bunduki ya uwindaji ni ndefu, haiwezi kulala kati ya mashati. Kasha lake ndilo begi lenyewe, na umbo lake linajitangaza kutoka mwisho wa ukumbi. Hapa shida inageuka: kebo haihitajiki kwa kuwa hakuna cha kufungia, ila siri haipo tena. Wasafiri wazoefu hutenganisha kitako na mtutu kwa bunduki zinazokubali, wakatumia kasha fupi linaloingia ndani ya sanduku la kawaida, na hapo wanarudi kwenye hesabu ileile ya kebo na mabomba ya mpini. Risasi nazo zina kikomo, kilo 5 kwa abiria kwa kanuni za usafiri wa anga, zikiwa kwenye boksi zake. Na kila nchi ya kuunganishia safari ina amri zake, kwa hiyo kinachokubalika Atlanta kinaweza kumlaza mtu mahabusu kwingine.

Ukiwa na sababu ya kusafiri na silaha, andika namba yake ya usajili na kuipiga picha, kisha usiku mmoja kabla ya safari fanya jaribio. Funga kila kitu kama utakavyokifunga, mpe begi mtu wa nyumbani pamoja na kalamu moja ya wino, mwambie ana dakika moja ya kukuletea kasha sebuleni. Akija nalo mkononi, bado hujafunga.